Vifaa vya usalama na vya kupimia kwa injinia mchanga wa instrumentesheni: maswali tunayoulizwa kila mara huku Kigoma na Tabora

Haya ni maswali ambayo vijana wa instrumentesheni (kazi ya vifaa vya kupima na kuongoza mitambo) wanaotoka chuo wananiuliza karibu kila wiki, wengine wako kwenye pampu za maji Tabora, wengine viwanda vya mawese Kigoma, wengine kwenye majenereta na madepo ya mafuta. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyojibu mtu akinipigia simu.

Nimeajiriwa juzi tu, bosi kasema nilete orodha ya vifaa vya kununua. Naanzia wapi?

Usianze na katalogi wala usianze kwa kuuliza bei. Chukua daftari, tembea site nzima siku mbili, kila sehemu kinapopimwa kitu andika: kinapimwa nini, kawaida kinasoma ngapi, siku mambo yakiharibika kinaweza kufika ngapi, kinagusana na maji au chumvi au mafuta, na nani huwa anasimama hapo. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka na kwangu ndio ya kwanza. Mfano nyumba ya pampu, presha ya kawaida iko bar 6, ukiangalia bar 6 tu utanunua geji (kipima presha chenye mshale) ya bar 10 na utaona umemaliza, lakini umeme ukikatika pampu inasimama ghafla maji yanarudi kwa kishindo kwenye bomba na ile presha ya sekunde moja inapita bar 10 bila shida. Sasa geji ikipasuka kioo kinamrukia mlinzi wa pampu aliyekaa na redio yake hapo hapo. Kwahiyo swali la kujiuliza kwa kila kifaa ni hili, nakitumia wapi na siku kikishindwa nani anaumia. Ukishajibu hilo ndio ufungue katalogi.

Maltimita gani ninunue?

Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndipo watu wanaungua.

Kwenye mita yoyote ya maana, karibu na matundu ya waya, kumeandikwa CAT II, CAT III au CAT IV na namba ya volti. Watu wanadhani namba ya volti ndio kila kitu. Hapana. CAT inaelezea uko karibu kiasi gani na chanzo cha umeme, kwasababu ukiwa karibu na transfoma, mruko wa ghafla (radi, swichi kubwa kufunguka) unakuja na nguvu nyingi sana nyuma yake. CAT II ni vitu unavyochomeka kwenye soketi. CAT III ni ndani ya jengo, bodi za kugawa umeme, mota za pampu, breka kubwa. CAT IV ni pale umeme unapoingia, kwenye mita ya TANESCO, waya za juu, na vitu vya nje. Umeme wetu ni volti 230 na tatu-fezi ni 400, kwahiyo injinia wa instrumentesheni anayefungua paneli za mota ashike isiyopungua CAT III 600V, na kama mara nyingine anafika pale umeme unapoingia basi CAT IV 600V. Hizo nyingi huandikwa pamoja, CAT III 1000V na CAT IV 600V.

Alafu fyuzi. Niliwahi kuwa na mwenzangu, tuko kwenye paneli ya pampu, yeye alikuwa katoka kupima ampea kwenye mzunguko mdogo akasahau kurudisha waya mwekundu tundu la volti, akagusa fezi mbili za 400. Maltimita yake ilikuwa na kale kafyuzi ka kioo ka 250V. Kalipasuka, moto ukaendelea kupita humo humo ndani, mita ikafunguka mkononi mwake. Alipona macho kwa sababu alivaa miwani, mkono ulichukua wiki kadhaa. Fyuzi inayotakiwa ni ile nene ya seramiki yenye mchanga ndani, imeandikwa 1000V, mchanga ndio unaozima ule moto. Ikiungua usiweke ya kioo wala usizungushie waya, nunua nyingine kama ile hata ukisubiri gari la Dar wiki nzima.

Waya za kupimia nazo zina CAT yake. Mita ya CAT III ukiifunga waya za CAT II unabaki na CAT II. Na kama site ina mota zinazoendeshwa na draiva za kubadili spidi tafuta yenye maandishi True RMS (inasoma sawasawa hata wimbi la umeme likiwa limeharibika umbo), la sivyo itakudanganya.

Nimeona moja sokoni Mwanga imeandikwa CAT III 1000V, bei ya chini sana. Ni sawa?

Maandishi yoyote mtu anaweza kuchapa. Mwombe muuzaji ufungue kifuniko cha nyuma, uone fyuzi. Ukikuta za kioo ndogo kwenye tundu la ampea, rudisha, hayo maandishi ya mbele hayana maana. Ukikuta tundu la 10A halina fyuzi kabisa (imeandikwa pembeni UNFUSED, ziko nyingi) rudisha haraka zaidi. Alama ya CE ni mtengenezaji mwenyewe anajitangazia, kwahiyo tafuta alama ya maabara ya nje kama UL, CSA au TÜV. Nyumbani kupimia betri ya sola au taa, hiyo mita ya bei rahisi haina neno. Kwenye paneli ya kazini, hapana.

Si naweza kutumia tu ile kalamu ya kugusa inayolia ikiona umeme?

Kwa kukuonya, ndiyo. Kwa kuthibitisha kwamba umeme haupo, hapana kabisa. Betri ikiwa dhaifu inanyamaza, kebo yenye ngao ya chuma inanyamaza, na DC haioni. Utaratibu ni huu: zima, weka kufuli lako na tagi yenye jina lako, ufunguo mfukoni mwako na sio kwa mlinzi, alafu chukua mita upime kwanza sehemu unayojua ina umeme, upime unapotaka kushika, urudi tena upime ile yenye umeme. Hiyo ya tatu ndio inakuhakikishia kwamba mita haikufa katikati. Kwahiyo kwenye orodha yako kufuli na tagi viwepo, kufuli moja kwa kila mtu, na ile klipu ya kufungia kufuli nyingi kwa pamoja. Bei yake ni ndogo kuliko karibu kila kitu kingine nilichotaja.

Kalibreta ya luupu ni lazima? Si maltimita inasoma miliampea?

Inasoma, ila haitoi. Transimita (kifaa kinachopima na kutuma kipimo kwa waya) nyingi zinaongea kwa 4 mpaka 20 mA, na mzunguko huo wa waya ndio luupu: 4 ni sifuri, 12 ni nusu, 20 ni mia kwa mia. Ilianzia 4 ili waya ukikatika usome 0 na ujue ni waya, sio tenki tupu. Na transimita nyingi za kisasa zikiumwa zinashuka hadi 3.6 au chini, au zinapanda 21 na zaidi, kwa makusudi, ndio namna yake ya kusema mimi mgonjwa. Sasa ukiwa na kalibreta unachomoa transimita unaweka kalibreta mahali pake, unatuma 4, 8, 12, 16, 20, unaangalia skrini ya chumba cha kuongozea inasema nini. Ndani ya dakika tano unajua tatizo ni transimita, kebo au kadi inayopokea ishara. Bila hiyo utakuwa unabadilisha transimita nzima kwa kubahatisha na zile ni ghali.

Kama pesa ni moja tu nunua ile mita ya prosesi inayounganisha maltimita na kutoa miliampea. Kama mna transimita za HART (zinazotuma pia data za kidijitali kwenye waya ule ule) kumbuka mawasiliano yanataka upinzani wa omu 250 kwenye luupu, vijana wengi wanashinda siku nzima wanasema komunikesheni mbovu kumbe hakuna rizista.

Geji na transimita za presha, nachaguaje renji?

Presha ya kawaida ikae katikati ya uso wa geji, isizidi robo tatu. Kwa ile pampu ya bar 6 chukua 0 mpaka 16. Na usahihi unaandikwa kwa asilimia ya renji yote, kwahiyo geji ya klasi 1.0 ya bar 100 inaweza kukosea bar 1 mahali popote, ukiitumia kupima bar 2 kosa linaweza kufika nusu ya unachopima. Pampu inatetemeka? Chukua yenye gliserini. Weka valvu ya kufungia chini yake ili siku ya kubadilisha usisimamishe mji mzima maji.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo vitabu vya pwani havikwambii. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika ni kama mita 773. Hewa ya Tabora inasukuma kama bar 0.88, ya Kigoma ufukweni kama 0.92, sio 1.01 ya pwani. Nilipigiwa simu na kijana Tabora kafungua boksi la transimita mpya, haijafungwa popote, inasoma 0.88, anataka kuirudisha kwamba mbovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa ni ya presha kamili (absoluti) na ilikuwa inapima hewa ya Tabora vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba yeye alihitaji ya geji (inayohesabu sifuri kuanzia hewa ya hapo ulipo) na aliyeagiza hakuandika. Kwenye oda andika wazi: geji, absoluti au tofauti ya presha.

Pt100 au termokapo?

Zote ni sensa za joto. Chini ya nyuzi 400 hivi na unataka usahihi, Pt100. Ni omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100, kwahiyo hata kwa maltimita ya kawaida unaikagua. Nunua ya waya tatu, waya mbili kebo ikiwa ndefu inajiongezea joto la uongo. Kwenye matenki ya mawese hii inatosha na inabaki. Kwenye tanuru, moshi wa boila, egzosti ya jenereta, chukua termokapo aina K, ila kebo yake ya kuunganishia lazima iwe ya K vilevile, ukiunga na waya wa shaba wa kawaida, joto la hapo ulipounga linaharibu kipimo.

Ukitaka kuihakiki kwa maji yanayochemka kumbuka tena mwinuko wa mahali ulipo. Tabora maji yanachemka kama nyuzi 96, Kigoma 97 na kitu. Usiirekebishe sensa nzima ili isome 100. Barafu ni rafiki mzuri zaidi, barafu iliyopondwa na maji kidogo kwenye chupa ya chai ni 0 popote pale.

Flomita ya sumaku tuliyofunga kwenye mafuta haisomi kitu. Tumeuziwa mbovu?

Hapana. Hiyo ya kupima mtiririko kwa sumaku inahitaji kimiminika kinachopitisha umeme, nyingi zinataka angalau 5 µS/cm. Maji ya ziwani sawa, chumvi sawa, lakini dizeli na mawese havipitishi. Kwa mafuta tafuta za gia za umbo la yai, au Coriolis (inayopima uzito wa kinachopita) kama bajeti ipo. Na kwenye maji ukishaifunga hakikisha bomba limejaa muda wote, kuna kipande kilichonyooka cha angalau mara tano ya kipenyo kabla yake na mara mbili au tatu baada yake, na nyaya za ardhi zimefungwa.

Sisi tuko Uvinza kwenye chumvi, stenlesi inatoboka.

Itatoboka tu. Hata ile ya 316 ambayo kila muuzaji atakwambia haina kutu, maji ya chumvi kali yakiwa ya moto yanaichimba vishimo vidogo vidogo mpaka daiframu (bati jembamba la sensa linalosukumwa na presha) inapasuka. Uliza daiframu ya Hastelloy C au titaniamu. Ni ghali, ndiyo, ila hesabu ni mara ngapi mmebadilisha zile za stenlesi mwaka jana. Na maboksi ya nje yawe ya plastiki ngumu, IP66 (haipitishi vumbi wala maji ya kurushwa kwa nguvu) au zaidi, na glandi zake (vibana kebo) zikazwe kweli.

Kifaa cha gesi nne kinatosha kuingia kwenye chemba au kufanya kazi chumba cha klorini?

Soma hili mara mbili tafadhali.

Kifaa cha kawaida cha gesi nne kinaona oksijeni, gesi zinazowaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Klorini HAIONI. Nimekuta watu wa maji wamekivaa kifuani wanaingia chumba cha mitungi ya klorini wakiwa na amani moyoni, na kile kifaa kingebaki kimya wakati wao wanakohoa damu. Kwa klorini unanunua kifaa chenye sensa ya klorini, na kwakuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ile sensa ya kudumu ukutani inafungwa chini karibu na sakafu, sio juu ya mlango.

Kwa chemba, matenki, mashimo ya maji taka: hicho cha gesi nne ni lazima. Oksijeni iwe kati ya 19.5 na 23.5%, gesi za kuwaka alamu kwenye 10% ya kile kiwango cha chini cha kulipuka, haidrojeni salfaidi 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni). Pima kwa kushusha mrija juu, katikati na chini kabla hujaingiza kichwa, maana kila gesi ina mahali pake pa kukaa. Usitegemee pua, haidrojeni salfaidi inanuka yai bovu mwanzoni, ikizidi inaua uwezo wa kunusa, unadhani imeondoka. Na mwenzako akianguka chini usimrukie kumfuata, hivyo ndivyo wanavyokufa wawili watatu kwenye shimo moja. Kwahiyo kwenye orodha weka na tripodi yenye winchi na hanesi, ili avutwe kutoka juu.

Wakati wa kununua uliza mambo mawili: mtungi wa gesi ya kujaribia unapatikana, na sensa zinadumu miaka mingapi (nyingi ni miwili mitatu). Kifaa bila gesi ya kukijaribu kila siku kabla ya kazi ni pambo. Tena usikipulizie silikoni wala kukisafisha na vitu vyenye silikoni, sensa ya gesi za kuwaka inakufa na skrini itaendelea kuonyesha sifuri nzuri tu.

Vifaa vya kujikinga mwilini, vipi ni vya lazima?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe, kwahiyo usione aibu kuomba. Kofia ngumu iwe na tarehe ya kutengenezwa, ndani kuna alama kama saa, jua la Tabora linaikausha plastiki, ukiiminya ikalia na kuonyesha nyufa itupe. Buti za kidole cha chuma soli isiyotobolewa na msumari. Miwani, kila mtu ya kwake. Nguo za pamba, sio poliesta, kwasababu poliesta ikipigwa na moto wa umeme inayeyuka inashika kwenye ngozi.

Glovu za umeme ni za mpira maalumu zenye klasi: 00 ni mpaka volti 500, 0 ni mpaka 1000, za ngozi zinavaliwa juu yake kuzilinda. Kabla ya kuvaa ikunje mdomo uijaze hewa, uisikilize karibu na shavu, ikivuja hata kidogo haifai. Zile glovu nyekundu za dukani za kufulia sio hizi hata kama mpira wake ni mnene.

Masikio: Kigoma iliishi na jenereta za dizeli miaka mingi na mafundi wengi wa zamani ukiongea nao lazima upige kelele, hakuna aliyewaambia mapema. Desibeli 85 kwa saa nane ndio mpaka, kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, kwahiyo kwenye 100 unabakiwa na robo saa tu. Nunua vizibo na vile vya kufunika, vyote.

Depo ya mafuta, naweza kuingia na simu na mita yangu ya kawaida?

Usiingie navyo. Maeneo yale yamegawanywa: zoni 0 mvuke upo muda wote (ndani ya tenki), zoni 1 unaweza kuwepo kazi ikiendelea, zoni 2 ni bahati mbaya na kwa muda mfupi. Kila kifaa kinachoingia, pamoja na tochi, redio na maltimita, kiwe na alama ya Ex (kimetengenezwa kwa maeneo ya mvuke unaolipuka), kundi la gesi na klasi ya joto, mfano T4 maana yake uso wake hauzidi nyuzi 135. Kwa zoni 0 tafuta Ex ia (umeme wake ni mdogo mno kuwasha mvuke). Na usifungue boksi la Ex d (boksi nene linalozuia mlipuko wa ndani usitoke nje) likiwa na umeme, na boliti zake zote zirudi, moja ikikosekana ulinzi wote umeondoka. Kingine, swichi ya kuzuia tenki kufurika iwe peke yake, isitegemee ile transimita inayoonyesha usawa, maana transimita ikiganda swichi nayo itakuwa imeganda.

Kalibresheni tunafanyia wapi, mpaka Dar?

Kalibresheni ni kuhakiki usahihi wa kifaa: TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wana maabara ya metrolojia, na vipimo vya biashara kama pampu za mafuta na mizani viko chini ya Wakala wa Vipimo. Cheti uombe cha maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za kupima na kukalibreti). Ninachowashauri walio mbali kama sisi: nunueni seti moja nzuri iwe ya rejea, inakaa kwenye boksi lake kabatini, haipandi pikipiki, hiyo ndio inapelekwa kila mwaka, na ile ya kazini mnailinganisha nayo wenyewe. Ya rejea iwe sahihi mara nne kuliko unachokikagua. Njiani isiwekwe kwenye buti la basi chini ya magunia ya dagaa, ishikwe mkononi.

Radi zinatuunguzia transimita kila masika.

Weka vizuia mruko pande zote mbili za kebo ndefu, upande wa transimita na upande wa paneli, na ardhi yake iwe moja na fupi. Ngao ya kebo ifungwe ardhi upande mmoja. Na mega ya kupimia insulesheni msipige kwenye kebo kabla ya kuchomoa transimita, volti 500 zinaiua sawasawa na radi alafu mnasingizia mvua.

Bosi kasema pesa ni kidogo, vyote haviwezekani. Nikate nini?

Kata usahihi wa ziada kwanza, transimita ya 0.04% kwenye tenki la maji ya kunywa haina kazi, ya 0.25% inatosha. Kata skrini za rangi, kata blututhi. Kalibreta ya presha mnaweza kuazima kwa kiwanda jirani, huku Kigoma tunaazimana sana. Maltimita yenye fyuzi ya kweli, kufuli na tagi, miwani, glovu za klasi, na kifaa cha gesi kama mnaingia kwenye mashimo, hivyo usikate. Andika kwenye karatasi moja kila kimoja kinamlinda nani kwa jina, fulani wa pampu namba mbili, fulani wa boila, umpelekee bosi aisome. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza vifaa vilisainiwa wiki ile ile, na glovu zilifika na treni ya kutoka Tabora.